Posa Iliyojibiwa Arua

Kisenyi, Kampala
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Zuhair,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi ni mzima na karakana ni nzima, ila ile cherehani kubwa aliyotuachia Baba inakohoa kila asubuhi mpaka niigonge ubavuni. Usiponiandikia mwezi huu nitajua umeoa huko Arua na hukunialika.

Moreen wa chapati ananicheka. Anasema zama hizi ndugu wawili wanaandikiana barua na kumpa dereva wa basi, wakati kila mmoja ana simu mfukoni. Namwambia hajui. Nikikupigia, wewe uko dukani kati ya wauza spea na sauti yako inafika mpaka Kongo, na huku kwangu mafundi wote wamezima mashine wanisikilize. Marehemu Baba alikuwa akisema simu ni ya kuulizia bei, mambo ya nyumbani huandikwa. Tubaki hapo hapo.

Kazi ipo. Mvua imeupiga tena mtaa wa Bwaise, na ingawa ni hasara ya watu, sikufichi kwamba imenilisha. Teksi zinaletwa hapa viti vimekunywa maji, na sponji ikishaanza kunuka hakuna dawa ila kuing'oa na kuweka nyingine. Nashona mpaka vidole vinauma.

Kuna jirani mpya uwanja wa mbele, fundi wa kupaka magari rangi. Jina lake Uthman, mtu wa Gulu. Gari likitoka kwake linakuja kwangu kuvishwa viti, kwa hiyo hatuna budi kuzungumza. Siku ya mvua kubwa aliyabeba marobota yangu ya sponji bila kuombwa, akayaingiza ndani yote, akaenda zake kabla sijamshukuru. Ana kucha za buluu. Rangi imeingia haitoki, naye anaona haya, akija kunywa chai anazikunjia kiganjani. Nimenunua vikombe vipya. Vya zamani vilikuwa vimemeguka midomo, kwa hiyo usianze kufikiri.

Wiki hii hayupo. Alisema ana safari ya heri, akatabasamu peke yake. Sikumwuliza safari gani. Mimi ni nani hata nimwulize.

Kula vizuri.

Dada yako,
Ruqayya


Arua
7 Oktoba 2024

Dada yangu mpenzi,

Barua yako bado. Basi la Oyat, dereva wetu wa barua, limeharibika njiani na hakuna anayejua litafika lini, kwa hiyo hii nampa dereva mwingine anayebeba samaki wakavu. Bahasha ikinuka usinilaumu.

Duka linakwenda. Mimi ndiye sijambo nusu, kwa sababu ile achari yako ya maembe imekwisha na tangu iishe nakula kwa wajibu tu. Desemba nakuja kama kawaida. Chumba changu usimpe mtu, na biriani iwe siku ya kwanza, si ya pili.

Sasa nikuchekeshe. Jana amekuja mposaji. Wa ngapi huyu? Nimeacha kuhesabu. Alikuja na Sheikh Rafiq wa msikiti wa hapa, amevaa kanzu mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Ametoka Kampala kwa basi kwa ajili hiyo tu. Akasema anakuheshimu, na hakutaka kukutamkia neno kabla hajafika kwa walii wako, ndiye mimi, maana ndivyo alivyofundishwa siku aliposilimu. Maneno mazuri, siwezi kukataa.

Nami nikafanya kama ulivyoniusia siku ya posa ya yule muuza matairi: yeyote atakayekuja mwambie hapana, na jina lake usiniletee. Basi jina sikuletei. Nitakuambia tu kwamba alikuwa na kucha za buluu na muda wote alikuwa akizificha. Chai hakuimaliza. Alinitia huruma kidogo, lakini mtu wa Gulu, tena Mwislamu wa juzi, amchukue Ruqayya wa Mzee Sadiq? Babu zetu wangefufuka.

Niandikie. Na achari usisahau.

Mdogo wako,
Zuhair


Kisenyi
12 Oktoba 2024

Zuhair,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nijibu jambo moja tu, wala usinichekeshe. Ulimwambia nini? Niandikie maneno yenyewe, yako na yake, usipunguze.

Ruqayya


Arua
15 Oktoba 2024

Dada,

Barua zako zote mbili, ile ndefu na hii fupi, nimezipata kwa pamoja leo asubuhi kwa Oyat. Nimesoma ndefu kwanza. Nilipofika kwenye kucha nikafunga duka.

Umetaka maneno yenyewe, ndiyo haya. Yeye alisema, "Mimi nimekuja kuomba dada yako. Kama kuna kitu nafaa kuleta, sema tu, nitaleta." Nikamwambia dada yangu hataki kuolewa. Akauliza, "Yeye mwenyewe ameulizwa?" Hapo nikasema, "Ameulizwa, na amekataa." Akasema sawa, amesikia. Akanishukuru kwa chai, akamsaidia Sheikh Rafiq kuvaa viatu, wakaondoka.

Sikusema uwongo. Uliwahi kuulizwa mara nyingi, na mara zote ulikataa. Sikusema umeulizwa juu yake yeye. Lakini najua alivyosikia, na wewe usiniambie kwamba sijui.

Ila na wewe, dada, mficha uchi hazai. Miaka yote tunaandikiana, unanieleza mpaka bei ya uzi, na hili ukalikunja ukalitia chini ya marobota ya sponji. Ungeniandikia mstari mmoja mapema, kwamba yule akija mpe kiti kizuri, ningempa kiti changu mwenyewe. Amri yako nimeifuata kama ulivyoitoa. Sasa nimekuwa mkosaji kwa kutii?

Nimpigie simu? Nipe namba, nitamweleza leo leo.

Zuhair


Kisenyi
20 Oktoba 2024

Zuhair,

Usimpigie. Hili si jambo la bei.

Nikueleze yaliyotokea, kwa sababu wewe ulikuwa mbali na mimi nilikuwa hapa nikitazama. Uthman alirudi kutoka safari yake ya heri Jumanne ya tarehe 8. Akanisalimia kutoka ng'ambo ya barabara, macho chini, kama anavyosalimiwa mke wa mtu. Kisha akafungasha mitungi yake ya rangi na ile mashine yake ya kupulizia, akamkabidhi mwenye uwanja ufunguo, akapanda gari la Gulu kwa ami yake. Nilidhani nimemkosea. Siku zote zile nilikaa nikijiuliza ile chai ya mwisho nilitia nini. Ndipo bahasha yako ikafika, inanuka samaki.

Nimempigia mara moja, hakupokea, na simlaumu. Mtu aliyeambiwa kwamba mwanamke amemkataa, akiendelea kumganda, asingekuwa yule ninayemtaka. Ndiyo, nimeandika ninayemtaka. Rudia kusoma kama hukuona.

Unasema umetii amri. Amri ile niliitoa wewe uko sekondari na Baba hajatimiza arobaini kaburini. Nilikataa watu wakati ule kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kulea, na mtoto huyo alikuwa wewe. Sikujuta na sijuti mpaka kesho. Lakini sasa una ndevu, Zuhair. Mtu mzima akipewa neno la zamani namna hiyo hulipeleka kwa mwenyewe akamwuliza, bado ni hivi? Hukuniuliza kwa sababu jibu lilikufaa. Lilikufaa niwe hapa na chumba chako, na biriani yako siku ya kwanza.

Na hayo ya mtu wa Gulu usiyarudie. Babu yetu mwenyewe alifika mji huu na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Aliyempa binti hakumwuliza alisilimu lini wala alitokea wapi. Alimtazama mkono unafanya kazi gani, basi.

Nimekwenda kwa sheikh wetu. Nikamwuliza, walii akimkatalia mwanamke mtu mwema bila sababu, mwanamke afanye nini? Amesema kadhi anaweza kusimama mahali pake. Sikutishi. Nakuandikia ili usije ukalisikia kwa watu.

Desemba chumba chako kipo. Mimi ndiye sijui kama nitakuwa na maneno.

Ruqayya


Arua
3 Novemba 2024

Kwa ndugu Uthman,

Asalaam alaykum warahmatullah. Anwani yako nimeipata kwa Sheikh Rafiq. Natumaini wewe na jamaa zako hamjambo.

Nakuandikia kuhusu yale mazungumzo yetu ya mwezi uliopita. Nimekuja kugundua kwamba kulikuwa na hali ya kutoelewana. Majibu niliyokupa yalitokana na wasia wa zamani wa kifamilia, na kwa bahati mbaya mazingira yake yamebadilika bila mimi kupata taarifa. Kwa hiyo ningependa ulione suala lile kuwa liko wazi, na endapo bado una nia, familia itafurahi kulitazama upya.

Nakutakia kazi njema.

Wako katika imani,
Zuhair Sadiq


Gulu
20 Novemba 2024

Bwana Zuhair,

Waalaykum salaam. Barua yako nilisoma. Ami yangu Lawrence pia alisoma, alikuwa sajenti, anajua Kiswahili kuliko mimi. Yeye alisema hii barua ni kama ya ofisi ya kodi.

Mimi sina hasira na wewe. Ulinipa chai, ulinijibu kwa heshima. Lakini maneno yako ni mingi na mimi nauliza moja tu. Siku ile nilikuja kwako, dada yako aliulizwa ama hakuulizwa?

Jibu usiandike. Kwetu neno ambayo ilitoka kwa mdomo inarudi kwa mdomo. Mimi nilipanda basi kuja kwako. Basi ya kuja huku pia iko.

Uthman Onen


Gulu
1 Desemba 2024

Dada Ruqayya,

Usishtuke kuona Gulu hapo juu. Nimepanda basi jana na Sheikh Rafiq, ambaye njia nzima alikuwa akicheka chini chini. Anasema katika umri wake wote hajaona upande wa mwanamke ukifunga safari kwenda kuposa mwanamume. Nimenunua sukari, kitenge cha wamama, na kanzu mpya. Ndiyo, ilikuwa na mikunjo ya dukani.

Ami yake alitupokea uani. Sajenti mstaafu, mrefu, Mkatoliki, rozari shingoni. Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia, akasema, "Wewe ndiyo ilikataa kijana yangu? Na leo iko nakuja kumuposa?" Nikasema ndiyo, mzee. Akasema, "Basi kaa hapo kwanza," akaenda kulisha kuku. Aliwalisha taratibu sana, dada. Sikujua kuku wanaweza kula muda mrefu namna ile. Uthman alikuwa kwenye kibanda anapaka mlango wa lori, ametupa mgongo, hakugeuka. Sheikh Rafiq alisinzia. Mimi nilikaa ukingoni mwa benchi, na hapo ndipo nilipojua nilichomfanyia yule mtu Arua.

Walipokuja kukaa, nilikuwa nimetayarisha hotuba kama ya ile barua yangu. Uthman akanikatiza. Akauliza lile lile, aliulizwa ama hakuulizwa. Nikasema, "Hakuulizwa. Nilisema hapana kwa mdomo wangu mwenyewe, na yeye hakujua hata kama umekuja." Ami yake akauliza kwa nini.

Nikawaambia ukweli, na sasa nakuambia wewe. Niliposema hapana siku ile nilikuwa nimefurahi. Nilifurahi kabla sijakufikiria. Niliona mtu amekuja kuuchukua mlango ninaouingia kila Desemba, nikaufunga. Mambo ya Gulu na ya kusilimu niliyatafuta baadaye, ili nisijione mchoyo. Ulisema jibu lilinifaa. Ulisema kweli, na iliniuma kwa sababu ulinijua kabla sijajijua. Nakupenda, dada, na nimekupenda vibaya.

Uthman alinyanyuka akaingia ndani, nami nikasema basi, tumekwisha. Akarudi na birika na beseni, akaninawisha mikono. Tukala kwa sahani moja, kisamvu cha karanga na mihogo, na ami yake akawa ananisogezea vipande vikubwa bila kuniangalia.

Mwishoni Uthman alisema atarudi Kampala baada ya mwaka mpya, uwanja wake upo. Lakini hatakaa mbele ya sheikh wala kumpa mtu yeyote mkono mpaka asikie kwamba wewe mwenyewe umesema. Akasema neno la kaka alishalisikia.

Kuhusu kadhi, ni haki yako. Ukitaka asimame yeye, nitakuja nikae nyuma na wageni, nami nitakula biriani hata siku ya tatu.

Zuhair


Kisenyi, Kampala
10 Februari 2025

Mdogo wangu Zuhair,

Salamu nyingi. Nimechelewa kukuandikia, wala si kwa hasira. Desemba ulipokuja tulikula, tukaosha vyombo, ukanitengenezea cherehani ya Baba mpaka ikaacha kukohoa, na hakuna aliyeligusa lile jambo. Nilikushukuru kwa hilo. Nilikuwa bado nalipima, na ukipimiwa kitu ukisimama karibu na mizani unaitikisa.

Uthman amerudi. Wiki ya kwanza tulisalimiana kama watu wa benki. Ya pili akaleta kiti cha gari la mtu, akasema kitambaa kimechanika. Nilikitazama, kilikuwa kizima kabisa. Nikamwambia, fundi, hiki hakina ugonjwa. Akasema anajua. Basi nikamwambia yaliyokuwa moyoni mwangu, mchana, mlango wazi, Moreen akikaanga chapati zake nje na masikio yamesimama. Nilisema mwenyewe. Unajua alijibu nini? Alisema, "Nashukuru umeniambia," kisha akatazama kucha zake akasema atanunua sabuni kali zaidi. Nikamwambia aziache hivyo hivyo.

Wiki hiyo hiyo ami yake Lawrence akaja na posa ya sawasawa, na mbuzi ambaye nusura ale robota zima la sponji. Mzee anakusalimu. Anasema una ujasiri wa kuruti.

Tumepanga nikahi Ijumaa ya tarehe 21, kabla Ramadhani haijaingia. Sheikh wetu aliniuliza nani atasimama, yeye amwite kadhi au vipi. Sitakuficha, Zuhair. Nilikumbuka "ameulizwa, na amekataa", na nilitamani kumwambia aite kadhi. Kisha nikamkumbuka kijana aliyekaa uani Gulu akitazama kuku wakila, akasema mbele ya sajenti kwamba alikuwa mchoyo. Huyo nilimlea mimi. Nikamwambia sheikh ninaye ndugu.

Kwa hiyo njoo Alhamisi. Chumba chako kipo, na kitaendelea kuwapo. Uthman mwenyewe amekipaka rangi. Usiulize rangi gani.

Jambo moja tu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku yenyewe, kabla hujatoka kwenda kuwaambia wanaume kwamba umeniozesha, lazima idhini yangu ichukuliwe. Sheikh anasema siku hizi mawalii wengi humtuma mtu chumbani, au hupaza sauti kutoka mlangoni, na bibi arusi akinyamaza wanasema ndiyo hiyo, amekubali, twendeni. Wewe usimtume mtu. Usinisemeshe kutoka mlangoni. Piga hodi, ingia, kaa chini mbele yangu, unitajie jina lake lote na mahari yake, kisha uniulize.

Nami nitajibu kwa sauti. Lakini nikikawia, pengine kwa machozi, pengine kwa kukutazama tu, usinijibie. Ningoje.

Dada yako,
Ruqayya